Asili ya Watatari: Kromosomu Y, Mitokondria, Jenomu Nzima au Mifupa ya Kale?

Ukiuliza asili ya Watatari, watu wa Urusi na nchi jirani ambao wengi wao ni Waislamu wenye lugha za Kituruki (jamii ya lugha ambamo Kituruki cha Uturuki ni kimoja tu), mbele ya watu watatu, utapata majibu matatu. Wa kwanza atasema ni Wamongolia waliosilimu. Wa pili atakataa: hao ni Wabulgari wa mto Volga, walioukubali Uislamu mwaka 922, zaidi ya karne tatu kabla ya majeshi ya Wamongolia kuwafikia mwaka 1236. Wa tatu atadai ni wenyeji wa misitu ya milima ya Urali waliobadili lugha tu. Siku hizi wote watatu wanatoa vinasaba kama ushahidi, kila mmoja na jedwali lake la asilimia, na msomaji anabaki njia panda.

Mara nyingi majedwali hayo hayapingani. Yanatokana na aina nne tofauti za ushahidi, na kila aina ina swali linaloliweza na swali lisiloliweza. Kwa hiyo kabla ya kuamua nani alisema kweli, amua kwanza unataka kujua nini. Hapa nitazilinganisha aina hizo nne ili ujue ipi uishike kwa haja yako, uwe mwanafunzi wa historia, mwalimu, mwandishi au mtu mwenye babu Mtatari.

Tunamzungumzia nani

Sensa ya Urusi ya mwaka 2021 ilihesabu Watatari wapatao milioni 4.7, na karibu milioni 2 kati yao wako Jamhuri ya Tatarstan, mji mkuu wake Kazan. Lakini jina hili moja linafunika watu wengi. Kwenye Volga wapo Watatari wa Kazan, Wamishar, na Wakryashen ambao ni Wakristo. Kusini, karibu na Bahari ya Kaspi, wapo wa Astrakhan. Mashariki ya Urali wapo wa Siberia. Kwenye Bahari Nyeusi wapo wa Krimea, waliokuwa na ufalme wao tangu karne ya 15 hadi Urusi ilipoutwaa mwaka 1783. Na katika Lithuania, Poland na Belarus wapo Walipka, wazao wa wapiganaji waliopokewa huko mwishoni mwa karne ya 14, ambao leo wanazungumza lugha za Kislavoni na bado ni Waislamu wa Sunni. Mtu akikuambia "Watatari wana asilimia kadhaa za Asia" bila kusema ni Watatari wa wapi, hajakuambia kitu.

Ubishi wenyewe haukuzaliwa maabara. Mwaka 1944 Kamati Kuu ya Chama cha Kikomunisti ilipitisha azimio la kuwakemea wanahistoria wa Tatarstan kwa kuikweza dola ya wazao wa Jochi, mwana wa Genghis Khan mfalme wa Wamongolia, ile iitwayo Orda ya Dhahabu. Aprili 1946 kikaitishwa kikao cha kisayansi Moscow kuhusu asili ya Watatari wa Kazan, na upande wa Wabulgari ukapewa nguvu, kwani kuhusishwa na Orda kulikwisha kuwa doa la kisiasa. Jambo hili bado linaumiza watu wa kweli. Ndiyo maana napenda tuwe waangalifu na lugha tunayoitumia juu ya damu za wengine.

Vigezo vya ulinganisho

Kila aina ya ushahidi nitaiuliza mambo manne: inajibu swali gani, imeonyesha nini hasa kwa Watatari, inaficha nini, na inamfaa nani.

1. Kromosomu Y: mstari wa baba

*Inajibu swali gani.* Kromosomu Y hutoka kwa baba kwenda kwa mwana, karibu bila kuchanganywa na kitu. Mabadiliko madogo yanayojitokeza njiani hugeuka alama, na wenye alama moja huwekwa kwenye kundi moja, yaani haplogrupu. Ukifuata alama hizo unapata mstari wa wanaume watupu, kizazi kwa kizazi, hadi maelfu mengi ya miaka nyuma.

*Imeonyesha nini.* Kwa Watatari wa Volga makundi yanayojitokeza sana ni R1a na N. Hapa ndipo watu wanapoteleza. Chukua mwanamume wa Kazan aliyepokea jibu la R1a. Akiishia hapo, bado yuko gizani, kwa sababu R1a imejaa kwa Warusi, kwa Wapolandi, kwa Wakirgizi na hata kwa watu wengi wa kaskazini mwa India. Inabidi ashuke kwenye matawi. Tawi la Z282 ni la Ulaya, hasa ya mashariki. Tawi la Z93 ni la nyika za Asia, Asia ya Kati na India. Akikuta yuko Z93, amesogea hatua moja, lakini bado hajui kama babu yake alifika na Wabulgari, na Wakipchak (watu wa nyika wenye lugha ya Kituruki) au na askari wa Jochi, maana nyika iliyowatoa wote hao ni moja. Haplogrupu N nayo ina mtego wake: ni nyingi kwa Waudmurt na Wamari, majirani wa Watatari wenye lugha za Kifini-Ugri, na pia ni nyingi mno kwa Wayakuti wa Siberia wenye lugha ya Kituruki. Kwa hiyo N peke yake haisemi kama imetoka kwa jirani wa msituni au kwa mgeni wa mashariki.

Je, Wamongolia? Kundi linalotajwa sana kwao ni C2, na kwa Watatari wa Kazan ni adimu. Mwaka 2003 watafiti walitangaza tawi moja lililoenea kwa takriban asilimia 8 ya wanaume katika eneo kubwa la Asia, toka Bahari ya Pasifiki hadi Kaspi, wakalihusisha na Genghis Khan. Utafiti wa 2018 ukahitimisha kwamba chanzo chake ni Wamongolia wa kawaida, si yeye. Anayetaka kumfanya kila Mtatari mjukuu wa Genghis Khan hapati msaada hapa.

Mahali ambapo kromosomu Y imeng'aa ni kwenye kutofautisha kundi na kundi. Watatari wa Siberia, walipopimwa kikundi kwa kikundi, walionekana kutofautiana sana wao kwa wao, na Wabukhara wa Siberia, waliotokana na wahamiaji wa Asia ya Kati, wamo humo humo. Krimea ni mfano mzuri zaidi. Watatari wa nyika ya kaskazini mwa rasi hiyo wanakaribiana na watu wa nyika za Ulaya na Asia. Wale wa milimani na wa pwani ya kusini wanaelekea upande wa Mediterania ya mashariki, jambo linaloingia akilini ukikumbuka kwamba pwani ile ilikaliwa na Wagiriki na wengineo karne nyingi kabla lugha ya Kituruki haijafika. Lugha moja, dini moja, jina moja, na mababa wa njia mbili.

*Inaficha nini.* Karibu kila kitu kingine. Rudi vizazi 10 nyuma, una nafasi 1,024 za mababu na mabibi. Kromosomu Y inamzungumzia mmoja tu. Zaidi ya hapo, ukoo mmoja wenye bahati ya wana wengi unaweza kujaza kijiji kizima kwa karne chache, na mtafiti aliyepima kijiji hicho pekee akadhani amelipima taifa.

*Inamfaa nani.* Mwanamume mwenye shajara ya ukoo, yaani orodha ya mababa kizazi kwa kizazi. Watatari wengi wameandika shajara za mababa kwa vizazi, na kromosomu Y ndiyo inayoweza kuithibitisha au kuikanusha shajara ya namna hiyo. Inamfaa pia anayetaka kulinganisha vikundi vidogo vya jirani. Mwanamke hana kromosomu hii. Itabidi apimwe baba, kaka au mjomba wa upande anaoutafuta.

2. Mitokondria: mstari wa mama

*Inajibu swali gani.* Mama huwapa watoto wake wote vinasaba vya mitokondria, viwanda vidogo vya nishati ndani ya seli, nao binti ndio wanaoviendeleza. Ni uzi mfupi wa herufi 16,569 hivi, na kwa sababu kila seli ina nakala nyingi, hupatikana hata pale ambapo vinasaba vingine vimeharibika.

*Imeonyesha nini.* Hapa tuna takwimu zilizo wazi. Utafiti uliochapishwa mwaka 2010 ulipima Watatari 197 wa Volga, Wakazan na Wamishar, na kusoma mitokondria nzima za Wamishar 73. Kwa wastani asilimia 84 ya mistari ya mama ilikuwa ya magharibi ya Ulaya-Asia, na asilimia 16 ya mashariki. Hiyo 16 haikuwa kitu kimoja: kulikuwa na makundi A, C, D, G, M7, Y, Z na mengine, lakini A na D tu ndiyo yaliyoonekana kwa Wakazan na Wamishar wote wawili. Ninavyolisoma mimi, wanawake wa asili ya mashariki waliingia kwenye jamii hizi kwa nyakati na njia mbalimbali, si kwa msafara mmoja. Pia linadhoofisha ile hadithi ya wanaume wageni waliooa wenyeji tupu. Mabibi wa mashariki nao walikuwepo.

*Inaficha nini.* Wakati. Utafiti huo ulikadiria kwamba makundi ya magharibi kama U4, HV0a na H yana umri usiozidi miaka 18,000, yakienea tena Ulaya ya mashariki baada ya baridi kuu ya barafu. Nimeona mtu akiichukua namba kama hiyo na kuandika kwamba Watatari wako Volga tangu enzi za barafu. Umri wa kundi la kinasaba si umri wa taifa. Mwanamke wa kundi la U4 anaweza kuwa amefika Kazan karne ya 16 akitoka popote Ulaya ya mashariki, na mitokondria yake isiseme lolote kuhusu safari hiyo.

*Inamfaa nani.* Mtu yeyote, mume au mke, anayetaka upande ambao shajara huusahau, na mtafiti wa ndoa baina ya makabila. Ukiisoma bega kwa bega na kromosomu Y ndipo inaponoga. Sisi wa pwani ya Afrika Mashariki tumeliona hilo kwetu wenyewe: utafiti wa 2023 wa mifupa ya makaburi ya miji kama Mtwapa, Manda na Kilwa ulikuta mistari ya mama ikiwa ya Kiafrika kwa wingi na mistari ya baba ikiwa ya Asia kwa wingi. Kwa Watatari wa Volga hakuna mgawanyo mkali namna hiyo.

3. Jenomu nzima: wazazi wote kwa pamoja

*Inajibu swali gani.* Jenomu ni vinasaba vyote vya mtu. Mbali na Y na mitokondria, kuna jozi 22 za kromosomu ambazo kila kizazi huzichanganya upya kama karata. Zikipimwa alama laki kadhaa, zinatoa wastani wa mababu wote waliokuachia kitu. Vipande virefu vinavyofanana baina ya watu wawili huashiria undugu wa karibu. Kadiri vizazi vinavyopita, vipande hukatika na kufupika. Kwa kupima urefu huo wataalamu hukadiria mchanganyiko ulitokea lini.

*Imeonyesha nini.* Mwaka 2015 ulichapishwa utafiti wa watu 373 kutoka makundi 22 yenye lugha za Kituruki, Watatari wakiwemo, pamoja na majirani zao wasiozungumza lugha hizo. Matokeo yake yana pande mbili, na kila upande una mashabiki wanaoukata na kuutumia peke yake. Kwanza, makundi mengi ya Kituruki ya magharibi yanafanana zaidi na majirani zao wa leo kuliko na Waturuki wa mbali. Pili, ukiwalinganisha na majirani hao hao, wao wanashiriki vipande vingi zaidi na watu wa Siberia ya kusini na Mongolia, na tarehe za mchanganyiko zinaangukia kati ya karne ya 9 na ya 17. Ukisoma nusu ya kwanza tu utasema lugha ilihama bila watu. Ukisoma nusu ya pili tu utasema watu walihama wakafuta wenyeji. Kilichotokea ni kwamba wageni wachache kuliko wenyeji walifika kweli, wakaacha alama ndogo inayopimika, na wakaacha lugha kubwa.

Walipka nao ni somo. Lugha ya Kituruki imewatoka kabisa, lakini jenomu zao bado zina sehemu ya mashariki ambayo majirani zao Wabelarusi hawana kwa kiwango hicho. Na kule Volga, Wachuvash ndio wenye lugha pekee iliyobaki ya tawi lililokuwa na Kibulgari, ilhali Kitatari ni cha tawi la Kipchak. Anayetaka kuwakabidhi Watatari urithi wote wa Wabulgari, au kuwanyang'anya wote, akutane kwanza na Wachuvash, ambao wengi wao ni Wakristo wa Kiorthodoksi.

*Inaficha nini.* Asilimia hutegemea uliyelinganishwa naye. Ukitumia Wafini na Wamongolia kama vipimo, Mtatari atatoka mchanganyiko wa Mfini na Mmongolia, ingawa pengine hana babu hata mmoja aliyetoka Finland. Ripoti za kampuni za kupima asili zina tatizo hilo hilo: jina la eneo kwenye ramani ya rangi ni jina la kundi walilokuwa nalo kwenye hifadhi yao. Tarehe za mchanganyiko nazo hupendelea tukio la mwisho, na zikitokea mara kadhaa, hutoa wastani usioangukia tukio lolote.

*Inamfaa nani.* Anayetaka picha ya jamii nzima, na mtu binafsi anayetafuta ndugu wa vizazi vichache vya karibu. Kama ni lazima uchague utafiti mmoja wa kutaja kwenye insha fupi kuhusu Watatari kwa ujumla, utafute wa aina hii.

4. Mifupa ya kale: kumuuliza aliyekuwepo

*Inajibu swali gani.* Aina tatu zilizotangulia zinapima walio hai na kukisia waliokufa. Hii inapima waliokufa wenyewe. Fundi hutoboa mfupa mgumu ulio ndani ya fuvu, karibu na sikio, akapata unga kidogo, na humo vinasaba hudumu kuliko kwenye mifupa mingi mingine. Baridi ya kaskazini husaidia kuvihifadhi.

*Imeonyesha nini.* Mwaka 2018 zilichapishwa jenomu 137 za kale kutoka nyika za Ulaya na Asia. Zilionyesha asili ya Asia ya mashariki ikiongezeka magharibi ya nyika hatua kwa hatua, Wahun (watu wa nyika waitwao Huns), kisha Waturuki wa kale, kisha Wamongolia. Kati ya mabaki ya enzi za Orda ya Dhahabu kutoka Kazakhstan, mmoja alikuwa wa asili ya Asia ya mashariki na mwingine wa upande wa Ulaya. Maiti wawili wanatosha kuivunja dhana kwamba Orda ilikuwa kabila moja. Ilikuwa dola, na dola hukusanya watu.

*Inaficha nini.* Idadi ni ndogo, na waliozikwa kwa fahari hupatikana kwa urahisi kuliko wakulima. Tena anayechimbuliwa katika Bolgar, mji wa kale wa Wabulgari, anaweza kuwa mfanyabiashara wa kupita. Lipo na suala la heshima. Bolgar, urithi wa dunia wa UNESCO tangu 2014, ndipo Watatari hukusanyika kila mwaka kukumbuka mwaka 922, ule ambao ujumbe wa Khalifa al-Muqtadir ulifika kutoka Baghdad, Ibn Fadlan, aliyeandika habari za safari hiyo, akiwemo. Waliolala pale ni Waislamu waliozikwa kwa sheria yao, na wazao wao wako hai. Utafiti usioanza kwa kuwauliza wao, hata uwe na mitambo gani, kwangu una kasoro.

*Inamfaa nani.* Anayetaka kuamua kati ya Bulgari na Orda kwa uhakika wa wakati. Mtu binafsi haimfai: jenomu yako ikifanana na ya mfupa wa karne ya 13, haina maana kwamba yule ni babu yako.

Uchague vipi

Kama una shajara na jina la babu wa karne ya 18, pima kromosomu Y kwa usomaji wa matawi ya chini, umtafute na mwanamume mwingine wa ukoo huo huo apimwe. Jibu la "R1a" tu ni fedha iliyopotea.

Kama unamtafuta bibi aliyeolewa kutoka kwa watu wengine, mitokondria itakuambia ni wa magharibi au mashariki. Lini na kutoka kijiji gani, kitabu cha msikiti kinaweza kukusaidia zaidi.

Kama wewe ni mwalimu na unahitaji sentensi moja ya darasani, tumia jenomu nzima, useme pande zote mbili: karibu na majirani, pamoja na sehemu ya Siberia ya kusini na Mongolia isiyopuuzika. Taja pia kwamba unazungumzia wa Volga.

Kama unaandika kuhusu Krimea au Siberia, usikubali wastani wowote. Dai matokeo ya kikundi kwa kikundi. Na kwa Krimea angalia sampuli zilikusanywaje: tarehe 18 Mei 1944 Watatari walianza kuhamishwa kwa nguvu, wengi wakapelekwa Uzbekistan, na waliorudi miongo mingi baadaye hawakupata kukaa pale walipotoka mababu zao. Utafiti mzuri humuuliza mtoa sampuli mabibi na mababu zake wanne walizaliwa kijiji gani, haumwandikishi kwa anwani ya leo.

Kama tasnifu yako ni juu ya Wabulgari dhidi ya Orda, mifupa ya kale ndiyo ya kusubiriwa na kufuatiliwa, ikisomwa pamoja na jenomu za walio hai, za majirani zao Wachuvash na Wabashkir zikiwemo. Ukipima Watatari peke yao hutajua kipi ni chao na kipi ni cha Volga nzima.

Na kama umekwisha kupokea ripoti ya kampuni yenye ramani ya rangi, ifungue tena, utafute ukurasa unaotaja walikulinganisha na nani. Usipouona, waandikie uwaulize kabla ya kumwambia mtu yeyote nyumbani kwamba yeye ni Mmongolia au si Mmongolia.